Nafasi Kati ya Mama na Josué

Le Fraissal, 9 Oktoba 2019

Leo ni miaka hamsini na miwili, miezi tisa na siku tano tangu nilipoondoka kijiji hiki. Nilihesabu kwenye treni, nikahesabu tena kwenye basi, maana maisha yangu yote ya kazi nimekuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji Geneva, na mazoea ya namna hiyo hayastaafu. Geneva si mbali. Ukitoka asubuhi unafika hapa kabla jua halijazama. Naliandika hili mwanzoni ili nisije nikajidanganya kwamba umbali ndio ulionizuia. Mama alipofariki mwaka 1981 nilifika mpaka stesheni ya Alès, chini ya milima hii, nikanywa kahawa mbili, nikapanda treni ya kurudi.

Aliyeniita ni Solange, mjane wa kaka yangu Josué. Barua yake ilikuwa fupi: "Shemeji, magoti yangu hayaiwezi tena nyumba ya moshi. Njoo ukae na moto msimu huu. Halafu kuna ile nafasi iliyobaki. Tuizungumze wenyewe kabla hatujazungumziwa na wengine."

Nafasi hiyo ni ya kaburi. Sisi Waprotestanti wa milima hii tunazika kwenye mashamba yetu, nyuma ya nyumba, chini ya miberoshi, tangu enzi za wafalme, wafu wetu walipokataliwa makaburini mwa Wakatoliki. Kwetu wamelala sita. Imebaki sehemu moja tu, kati ya Mama na Josué. Atakayelala hapo huandikwa mapema katika Biblia ya ukoo, kwa mkono wa mkubwa wa damu aliye hai. Tangu Josué afariki miaka mitatu iliyopita, mkono huo ni wangu. Nimekuja kuandika jina langu. Kwa miaka hamsini sijatamani kitu kingine kwa uthabiti kama huo.

Solange alikuwa ananisubiri getini, amejifunga aproni ya bluu.

"Umezeeka, shemeji."

"Na wewe pia."

"Mimi nilikuwepo nikijiona kidogo kidogo. Wewe umekuja na uzee wa ghafla. Ingia, supu ipo."

10 Oktoba

Tumeokota kastani kutwa, zile kokwa za mkastani tunazokausha kwa moshi. Kokwa ni nyingi, maganda yake yana miiba ileile. Mgongo umekataa.

12 Oktoba

Tumeokota. Kutoka kwenye tuta letu la juu nilihesabu nyumba zinazotoa moshi. Nilipokuwa mtoto zilikuwa kumi na moja. Leo ni nne.

Jirani yetu Fernand Velay alipita, ana miaka themanini na bado anabeba bunduki ya kuwindia nguruwe mwitu, ingawa Solange anasema haijalia tangu mwaka juzi. Tulikua pamoja. Hakunipa mkono, alisimama tu akinitazama nikiinama.

"Bwana Geneva! Kumbe bado unajua kuinama? Nilidhani huko mnaokotewa."

"Huko tunanunua dukani, Fernand. Zimechomwa tayari."

"Maskini wee. Na hivyo viatu ni vya kwenda harusini?"

Solange ameniletea buti za Josué. Zinanibana kidogo kwenye vidole. Fernand alipokuwa anaondoka aligeuka akasema, "Haya, ukiwasha moto usitie msonobari kama kakako!" Akacheka peke yake mpaka kwenye kona.

15 Oktoba

Ukungu. Hatukuokota.

20 Oktoba

Leo tumewasha. Nyumba ya moshi ni chumba cha mawe cha ghorofa moja: chini moto, juu dari la fito zilizoachiana nafasi ya kidole, na juu ya fito kastani zimetandazwa hadi magotini. Moshi unapanda na kuzikausha kwa wiki tano. Kazi yote ni kwamba moto usiwe moto. Gogo nene la mkastani linafunikwa na maganda ya mwaka jana, lifuke tu, asubuhi na jioni. Mwali ukitokeza, wewe umekwisha.

"Ukiona mwali usipige kelele," Solange aliniambia akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. "Mwagia maganda. Kelele utapiga baadaye."

"Najua."

"Najua kwamba unajua."

Akainuka taratibu akishikilia ukuta.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Jumapili ya tarehe 13 Novemba 1966, nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba hii, nina miaka ishirini na miwili, nikiulinda moto. Baba na Mama walikuwa kwenye ibada ya mchana bondeni. Nilikuwa na kitabu nilichoazimwa na pasta, habari za safari za baharini, mimi ambaye bahari sikuwahi kuiona. Ilipofika saa kumi na nusu mwanga wa mlangoni ukaanza kuniishia. Nilikuwa nimebakiza kurasa mbili za sura. Nikatupa konzi ya vijiti vikavu juu ya makaa, nipate mwanga wa kurasa mbili. Zikawa tatu. Nilipoinua macho fito zilikuwa zimeshika.

Kastani za nyumba tatu, yetu, ya shangazi Noémie na ya akina Velay, ziliteketea kwa muda usiotosha kuchemsha sufuria ya viazi. Hicho kilikuwa ndicho chakula cha majira yote ya baridi, cha watu na cha nguruwe. Baba alipofika anakimbia, na suti yake ya kanisani, mdomo wangu ulisema wenyewe: "Ni kuni alizoleta Josué mchana. Alileta msonobari."

Msonobari hurusha cheche. Hata mtoto hawezi kuuingiza humu. Josué alirudi jioni ile, akasikia. Alinitazama mimi, akamtazama Baba, akasema, "Ndiyo, nilileta mimi."

Sijawahi kuelewa kwa nini. Nilimsubiri anikanushe wiki saba nzima. Hakufanya hivyo. Tarehe 4 Januari nikaondoka.

21 Oktoba

Moto mzuri. Moshi mweupe, mzito, unatoka taratibu chini ya vigae.

23 Oktoba

Moto. Jibini ya mbuzi na divai. Fernand amekuja kunusa moshi mlangoni, akasema: "Mm. Huu ni mkastani mtupu. Wewe si ndugu yake Josué!" Solange alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.

26 Oktoba

Moto. Mvua ndogo. Nimegundua kwamba utani wa msonobari si wa Fernand peke yake. Postamasta wa bondeni ameuliza kama mimi ni "mdogo wake yule wa msonobari". Mwanamke mgeni anayefuga mbuzi kwenye nyumba ya marehemu Noémie, amehamia mwaka jana tu, naye anaujua. Nilidhani niliacha uongo mmoja nyuma yangu. Kumbe niliacha jina.

1 Novemba

Watakatifu Wote, siku ambayo Wakatoliki huwapelekea wafu wao maua. Solange ni Mkatoliki, wa upande wa pili wa mlima, na miaka arobaini na minane ya kuishi humu haijambadilisha. Sisi hatuwawekei wafu maua. Asubuhi nilimwona kupitia dirisha la jikoni akishuka kwenye miberoshi na chungu cha maua ya njano. Nilimfuata kumshika mkono, maana nyasi zina utelezi.

Alikiweka chungu nyuma ya shina la mberoshi, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kukiona.

"Mbona unakificha?"

"Ni amri ya mama yako. Mwaka wa kwanza aliponikuta na maua alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, 'Weka, lakini nyuma ya mti, pasta asione.' Sasa pasta anakuja mara moja kwa mwezi na haoni hata mlima. Lakini amri ni amri."

Aling'oa magugu kaburini kwa Josué, kisha kwa Mama, kisha kwa Baba ambaye hakumsalimia kwa mwaka mzima alipoolewa. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa yale magoti. Niliona jambo moja. Kutoka kwa Josué kwenda kwa Mama njia fupi ni kupita juu ya ile sehemu iliyo wazi. Solange hakuipita. Aliizunguka, akashikilia ukuta, hatua saba badala ya mbili. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya sehemu hiyohiyo.

2 Novemba

Moto. Jioni nilimwuliza Solange yeye amepanga kuzikwa wapi.

"Nimeshaongea na paroko wa bondeni. Kuna nafasi makaburini kwao, kando ya ukuta, na wazazi wangu wako palepale. Usinihangaikie."

"Sikuwa nahangaika. Nimeuliza tu."

"Basi nimejibu tu. Onja chumvi, bwana mkubwa, mimi ulimi umekufa."

3 Novemba

Tumezigeuza kastani, za chini juu, za juu chini. Macho yanatoka machozi hadi sasa. Ni moshi.

6 Novemba

Moto.

7 Novemba

Moto. Nimeota natembea Geneva na buti za Josué.

10 Novemba

Mvua haijakoma tangu juzi alfajiri. Ni ile mvua yetu ya vuli, ambayo hainyeshi bali inamwagwa. Kijito cha chini kinaburuta mawe, unayasikia yakigongana kama mikokoteni. Barabara imekatika kwenye daraja. Maji yanachuruzika ukutani mwa nyumba ya moshi na nalisogeza gogo kila baada ya muda lisizimike.

Mchana tulisikia mshindo. Solange alisema mara moja, bila kuuliza: "Ni kwa Josué."

Ukuta unaoshikilia tuta la makaburi umeanguka kiasi cha hatua nne. Hakuna kaburi lililofunguka, namshukuru Mungu. Lakini udongo unaobomoka sasa ni wa sehemu ile iliyo wazi, na maji yakiendelea utafika kwa Josué. Tumefunika kwa turubai na mawe. Solange alishika pembe moja ya turubai kwa nguvu ambazo sikujua anazo, mvua ikimpiga usoni, akinikaripia, "Kushoto! Kushoto, shemeji, au huko Geneva kushoto kuko upande mwingine?"

12 Novemba

Mvua imekatika. Fernand alikuja asubuhi bila kuitwa, na nyundo, kamba, na chupa ya divai. Kuta zetu hazina saruji; kila jiwe linakaa kwa sababu jiwe lingine linalikalia, na kazi ni kuchagua. Fernand anachagua vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Mimi nilikuwa namletea, Solange amekaa kwenye kigoda akihukumu.

"Hilo lina tumbo, Fernand."

"Hata mimi nina tumbo, mbona naketi vizuri?"

Tulikwenda hivyo hadi saa sita. Tukala mkate na soseji palepale, miguu ikining'inia. Fernand alinyoosha chupa kuelekea kaburi la Josué, akasema, "Afya yako, mzee wa msonobari! Ungekuwa hai ungetuletea mawe ya kuungua."

Nilikuwa nimeinua jiwe. Nililiweka chini.

"Fernand," nilisema, "hakuna msonobari. Nilikuwa nasoma kitabu. Nilitia vijiti mimi ili nipate mwanga. Josué hakuleta kuni."

Alibaki na chupa hewani. Kisha akaifunga kwa kizibo, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndiyo kazi aliyoijia.

"Miaka hamsini na mitatu," alisema. "Nimemtania harusini kwake. Nimemtania kila siku ya soko. Siku ya kumzika nilisema, msimtengenezee jeneza la msonobari. Watu wakacheka. Mjane wake akiwa amesimama pale." Akamgeukia Solange. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu siku yenyewe."

Sikuamini nilichosikia. Fernand aliokota nyundo na kamba yake, chupa akaiacha, akaondoka kwa njia ya juu.

Tulibaki wawili. Nilimwuliza alijuaje.

"Kwa sababu Josué alikuwa na mimi," alisema. "Tangu saa saba mchana mpaka jua linazama, kwenye zizi la mjomba wangu, ng'ambo ya mlima. Hakukuwa na kuni. Hakukuwa hata na mkoba."

"Sasa kwa nini alikubali?"

"Angesema nini, Samuel? Kwamba alikuwa wapi? Baba yako angesikia mwanawe yuko zizini na binti wa Wakatoliki, na baba yangu angesikia habari hiyohiyo kwa upande wake, nisingevuka mlima huu tena. Wewe ulisema alikuwa hapa analeta kuni. Akaona, haya, nilikuwa hapa naleta kuni. Uongo wako ulimpa mahali pa kuwa."

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Mimi nilikuchukia mwaka mmoja," aliendelea. "Mwaka uliofuata nikakushukuru, maana bila wewe nisingeolewa. Baadaye kazi zikawa nyingi. Yeye lakini hakukuchukia hata kidogo. Alisema utakuja siku utakapochoka. Kila Oktoba alizipaka mafuta hizo buti na kusema zinamtosha mtu wa mguu mkubwa kidogo."

Sikuelewa hapo hapo. Nimeelewa sasa, nikiwa nazivua.

13 Novemba

Leo ndiyo tarehe yenyewe. Moto. Fernand hakuja.

14 Novemba

Moto. Nimejenga peke yangu. Jiwe langu la tatu lina tumbo. Solange hakusema kitu, ndiyo adhabu.

16 Novemba

Fernand hakuja.

17 Novemba

Fernand alikuja. Hakupitia kwetu, alishuka moja kwa moja kwenye miberoshi, akavua kofia, akasimama mbele ya Josué muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akaubomoa ukuta wangu wote na kuanza kuujenga upya. Nilimfuata, nikaanza kumpa mawe.

"Nimemwomba radhi," alisema bila kunitazama. "Hajajibu. Ila hata alipokuwa hai ndivyo alivyokuwa."

"Na mimi?"

"Wewe bado."

Tukamaliza saa tisa. Ukuta umenyooka. Ile sehemu iliyo wazi sasa ina udongo mpya, mwekundu, na hakuna aliyeukanyaga.

20 Novemba

Moto. Theluji ya kwanza kwenye vilele. Nimesimama sana mlangoni nikitazama moshi. Harufu hii ndiyo niliyokuwa nikiitafuta katika makoti yangu Geneva kila vuli, nikilifungua kabati na kuvuta pumzi. Haikuwepo hata siku moja. Sasa imeniingia hadi kwenye nywele na bado naitamani, kana kwamba ninayeinusa ni mtu mwingine.

24 Novemba

Tumeuacha moto ufe. Wiki tano, na mwali haukutokeza hata mara moja. Solange alikata kokwa moja kwa jino. Ililia kama kokoto. "Imeiva," alisema. Nadhani ndiyo sifa niliyopewa.

26 Novemba

Kupura. Unajaza mfuko wa gunia nusu, wawili mnaushika kwa miisho, mnaupiga kwenye gogo mpaka maganda yavunjike. Fernand upande mmoja, mimi upande mwingine, Solange akipepeta. Hatukuzungumza ila kuhesabu vipigo. Mfuko wa sita, Fernand alianza kuhesabu kwa lugha ya kale ya bibi zetu, na nikagundua kwamba naifuata.

28 Novemba

Baada ya chakula cha mchana Solange alifuta meza mara mbili, akaleta Biblia ya ukoo na kalamu, akaviweka mbele yangu.

"Andika, shemeji. Nilikuita kwa ajili hiyo. Basi lako ni keshokutwa."

Jina la mwisho ni la Josué, kwa mwandiko wa Baba, mwaka 1974. Chini yake mstari mmoja mtupu, halafu pambo la mwisho wa ukurasa. Nimetazama mistari mitupu maisha yangu yote, lakini huu niliutamani tangu nilipokuwa na nywele nyeusi. Niliwaza udongo mwekundu. Niliwaza kulala pale, Mama upande wangu wa kulia, na hatimaye kuwa nyumbani. Kisha nikawaza yule aliyezunguka hatua saba badala ya mbili. Ndiye aliyeng'oa magugu ya watu waliokuwa hawamsalimii. Alisimama kwenye maziko ya mumewe akisikia watu wakicheka kosa langu, asiseme kitu. Na mimi nije nilale kati yake na mumewe?

Niliandika: Solange Malzieu, mke wa Josué.

Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Umekosea."

"Mimi ni msahihishaji. Sijakosea."

"Mimi ni Mkatoliki. Watasemaje?"

"Waliokuwa na la kusema wote wameshalala hapo."

Aliweka kidole juu ya wino kabla haujakauka, kwa hiyo sasa jina lake lina alama ya kidole. Sikuifuta.

"Na wewe je, utalala wapi?"

"Geneva pana bustani nzuri."

"Bustani," alisema, kwa sauti ambayo ningetarajia aseme "dampo". Akainuka kwenda jikoni, akanipa mgongo, akakaa huko kwa muda unaozidi sana wa kuchukua bakuli mbili. Aliporudi alikuwa na supu ya kastani na maziwa, za msimu huu, tamu, zenye moshi.

"Kula. Inapoa."

30 Novemba, kwenye basi

Barabara imeshatengenezwa. Fernand alinisindikiza hadi kituoni darajani, amebeba mfuko wa kilo tano za kastani zilizopurwa, akaniwekea miguuni. Buti za Josué nilikuwa nimezipaka mafuta na kuziacha nyuma ya mlango.

"Mwakani uje na buti zako," alisema. "Hizo za watu umezitanua."

Alinipa mkono. Mkono wake ni jiwe lenye joto. Dereva akapiga honi, nikapanda. Sikumwambia Fernand ndiyo, wala sikumwambia hapana.

Nikirudi kila vuli, Solange atanikuta siku moja nimesimama chini ya miberoshi nikitazama mahali pake, na ataanza kujiuliza kama najuta. Nitakuwa najuta. Sitaki aone. Daktari naye ana maoni yake kuhusu moyo wangu na ngazi za milima, lakini hiyo si sababu.

Basi limepita kona ya mwisho. Kutoka hapa, kwa muda wa kuhesabu hadi nne, unaiona Le Fraissal yote: nyumba nne zenye moshi, miberoshi, na ukuta mpya ambao rangi yake bado haijalingana na wa zamani. Nimehesabu hadi nne.

Sitarudi Le Fraissal.